Viputo Vitupu vya Shemeji Yangu

Mhariri aliponiuliza kama ningeweza kubadilisha maneno ya katuni ya shemeji yangu, nilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa. Sikuomba muda wa kufikiri. Sikumwambia kwamba katuni haikuwa yangu. Nilijibu kama fundi cherehani aliyeletewa suruali aipunguze miguu, kisha nikavuta kiti nikaanza. Lau ningekataa, labda ningefukuzwa kazi, nikarudi nyumbani kwa mke wangu, mtaa wa Badjanani, nikala chakula cha mchana nikiwa sina pa kwenda jioni. Watu wengi Moroni hawakuwa na kazi mwaka ule. Nisingekuwa wa kwanza.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu baba yangu alizaliwa Unguja, na hicho ndicho alichotusemesha nyumbani kwetu Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani huko Komoro, mimi na dada yangu. Tulikuwa wawili tu, yeye mkubwa. Nje tulisema Kinzwani kama watoto wengine. Baadaye nilivuka bahari kuja Moroni, kisiwani Ngazija, kusoma sekondari, nikajifunza Kingazija kwa kuchekwa, nikamaliza shule, nikaoa, nikabaki. Kwetu mwanamume huhamia nyumba ya mkewe. Kwa hiyo nyumba ya mama yetu ilikuwa ya dada yangu, kama ilivyo haki yake, na mumewe alihamia humo. Huyo ndiye shemeji ninayemzungumzia.

Gazeti letu lilitoka kila wiki, kurasa nane zilizopigwa taipu, zikabandikwa kwa gundi na kutolewa fotokopi. Mhariri alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa kuwa Wakomoro humwita mwalimu fundi, sote tulimwita Fundi. Kurasa saba zilikuwa za siasa, mchele na vifo. Ukurasa wa sita ulikuwa wangu. Niliweka humo habari za muziki, katuni, sinema na kila kitu ambacho Fundi alikiita mambo ya vijana, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuota mvi.

Kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Jumamosi nilizunguka mji kwa miguu. Nilianza kwa muuza kaseti, ambaye alinisikilizisha vitu vipya kwa sauti ndogo ili wapita njia wasipate bure. Nikapita kwenye ukumbi wa video kusoma ubao. Nikamtembelea mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Reunion na sanduku limejaa vitabu vya katuni, akinisimulia hadithi zake nzima bila kuniazima hata kimoja. Mwisho nilikwenda kwenye harusi yoyote iliyokuwepo, maana harusi ndipo taarabu ilipokuwa, na taarabu ndipo umbeya ulipokuwa.

Nakumbuka ukurasa wa wiki moja. Niliandika kwamba vikundi viwili vya taarabu vimegombana kwa sababu ya kinanda kimoja, na kwamba wazee wameamua kila kikundi kikitumie wiki mbili, lakini waya wa umeme unakaa kwa imamu. Niliandika kwamba kaseti mpya ya muziki wa Kongo imefika, upande wa kwanza unachezeka, upande wa pili hauna kitu kabisa, na muuzaji anasema huo ni wa kupumzikia. Niliandika kwamba filamu ya karate iliyoonyeshwa Alhamisi ilikatika kabla ya pambano la mwisho, kwa kuwa kuna mtu alirekodi harusi ya binamu yake juu yake. Watazamaji walikasirika kidogo, kisha wakaitazama harusi mpaka mwisho na kulikosoa gauni. Mambo ya namna hiyo. Hayakumuumiza mtu. Mtu aliyetajwa alinunua nakala mbili.

Chini ya ukurasa ndipo ilipokaa katuni ya shemeji.

Shemeji alikuwa karani katika bandari ya Mutsamudu. Alisimama gatini siku nzima akihesabu magunia yakishushwa, na meli zilipochelewa alichora nyuma ya karatasi za shehena. Alichora mzee mmoja mwenye mwavuli ambao haufunguliwi hata mvua ikinyesha. Mzee huyo alifanya vituko vya kawaida: alikwenda harusini bila kualikwa, alilala wakati wa hotuba, alimfundisha mbuzi adabu. Watu walimpenda Moroni, na walimpenda zaidi Mutsamudu, ambako nakala kama hamsini za gazeti letu zilikwenda kila wiki kwa meli. Kwenye pembe ya kila mchoro shemeji alichora kaa mdogo. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake, na Mutsamudu nzima ilijua kaa yule ni wa nani.

Jambo moja ndilo hawakulijua. Shemeji alichora viputo, vile viduara vya maneno vinavyotoka midomoni mwa watu wa katuni, lakini aliviacha vitupu. Maneno aliyaandika kwa Kinzwani kwenye karatasi ya pembeni. Mimi niliyageuza kwa Kingazija, kwa kuwa wasomaji wengi walikuwa wa huku, mpiga taipu wetu akayapiga kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, tukayakata kwa mkasi na kuyabandika ndani ya viputo. Msomaji aliona mchoro na maneno, akaona kaa pembeni, akadhani vyote vimetoka mkono mmoja. Hatukuwahi kumweleza mtu. Ilikuwa siri yetu ya kujivunia. Shemeji alipokuja Moroni mara moja, alinipiga begani akasema, "Mimi nina mikono, wewe una mdomo. Tukitengana, mzee wa mwavuli atakuwa bubu."

Kisha kisiwa chetu kikajitenga. Nzwani ilitangaza kwamba haitaki tena kuwa nchi moja na Ngazija na Mwali, na baadhi ya watu wakatundika bendera ya Wafaransa juu ya nyumba zao wakitaka warudi chini yao. Leo sitaki kubishana nani alikuwa na haki. Njaa ilikuwepo pande zote. Nitasema tu ilivyokuwa kuwa Mnzwani mjini Moroni.

Mwanzoni ilikuwa utani. Muuza kaseti aliniambia, "Mnzwani, umekuja kusikiliza muziki au kuomba viza?"

"Nimekuja kuteka kisiwa," nikamjibu. "Nianze na duka lako."

"Lichukue. Uchukue na madeni yake."

Tulicheka. Shangazi ya mke wangu naye alikuwa akiniwekea sahani ya wali na kusema, "Mpeni mgeni kwanza, balozi asije akakasirika." Nilicheka pia hapo.

Kabla ya meli kusimama, bahasha ya mwisho ilifika kutoka Mutsamudu. Ndani mlikuwa na michoro minne, karatasi za maneno, na barua ya dada yangu. Barua nzima ilikuwa ya habari za nyumbani. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa, na chumba chake cha juu kilikuwa kimebaki kupakwa chokaa tu. Halafu aliandika hivi: "Jirani yetu wa mbele ametundika bendera kwenye mlingoti wa antena yake. Sasa picha ya televisheni imeharibika kabisa, na kila mchezo wa kuigiza ukianza lazima apande paani kuushika mlingoti. Mume wangu amecheka mpaka amemchora, bila bendera. Ni mtu mwema, na wewe unamjua, ndiye aliyeyasimamia maziko ya mama. Usimwambie mtu."

Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuleta. Picha ya kwanza, mzee wa mwavuli amepanda paani kugeuza antena na mkewe anapiga kelele kutoka dirishani. Ya pili, anaigeuza upande mwingine. Ya tatu, ameikumbatia kwa mikono miwili na ndani watu wanashangilia. Ya nne, bado ameikumbatia, na mkewe anampandishia sahani kwa ngazi. Maneno ya shemeji kwenye kiputo cha mwisho yalikuwa ya mke: "Usishuke, mume wangu, ndiyo kwanza wanaoana."

Baada ya bahasha ile meli zilisimama, simu zikakatika, na wanajeshi wakatumwa kutoka huku kwenda kukirudisha kisiwa. Walishindwa. Waliorudi walirudi wamepungua, na vilio vilisikika katika nyumba nyingi za Moroni. Utani ukaisha. Muuza kaseti alinikabidhi kaseti bila kunitazama. Shangazi ya mke wangu akanipakulia wali baada ya wengine wote, bila neno la ubalozi. Mtu mmoja alinisimamisha karibu na msikiti akaniuliza, "Ninyi mlikuwa mnajua watauawa, sivyo?" Kwa kweli nilijua kidogo kuliko yeye. Sikujua hata kama dada yangu yuko hai.

Wiki mbili baadaye Fundi aliniita mezani kwake. Alikuwa ameishika michoro ile.

"Hii ya paani nzuri," akasema. "Lakini maneno hayana chumvi. Nchi inakatika vipande, sisi tunachapisha mtu na antena."

"Ndivyo alivyoichora, Fundi."

"Kuchora kachora. Maneno si huwa unayaweka wewe?"

"Huwa nayageuza tu."

"Basi yageuze." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Watu wananiuliza, yule Mnzwani wako wa ukurasa wa sita yuko upande gani? Nawajibu sijui. Nipe kitu cha kuwajibu."

Hapo ndipo nilipotaja nusu saa yangu.

Mpiga taipu wetu alikuwa mama wa makamo, mmoja wa wale Wakomoro waliorudishwa kutoka Majunga, kule Madagaska, baada ya kufukuzwa kwa panga na moto. Alizaliwa huko, alizika watu wake huko, na mpaka siku ile Moroni walikuwa bado wakimwita wa kuja. Nilimpa maneno mapya. Aliyasoma bila kuweka ukanda kwenye mashine.

"Mdogo wangu, haya ni ya shemeji yako?"

"Ni yetu."

"Nimekuuliza ya nani."

"Mama, piga tu. Ni mchezo."

"Huko nilikotoka nako ilikuwa michezo," akasema. "Waliigiza tunavyosema, tunavyotembea, tunavyokula. Siku ya siku walikuwa wameshatuzoea kama vitu vya kuchezea." Akaweka ukanda. "Napiga kwa kuwa ni kazi yangu. Lakini nimekwambia."

Maneno niliyoandika ni haya. Picha ya kwanza, mzee: "Naitafuta Ulaya." Ya pili, mke: "Imeonekana?" Mzee: "Wananiambia nisubiri." Ya tatu, mzee: "Nimeshika! Nimeshika!" Na ya nne, pale mke anapompandishia sahani, kiputo nikakielekeza kwa mzee: "Sishuki tena. Hata nikifia hapa paani, nitakuwa nimekufa Mfaransa."

Hayo hayakunitosha. Nilichukua kalamu nikachora bendera ndogo kwenye mlingoti wa antena. Nilitaka ionekane kwamba najua mambo ya kule, kwamba sisemi kwa kubahatisha. Barua ya dada yangu ilikuwa mfukoni mwangu nilipokuwa nikichora.

Moroni ilicheka. Wiki ile nakala ziliisha siku ya kwanza. Muuza kaseti aliikata katuni akaibandika juu ya rafu yake, akanitengea kiti. "Nilijua wewe ni mtu wetu," akasema. Mke wangu aliniambia watu wamemsimamisha sokoni kumsifu mumewe. Nami nilifurahi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilikuwa na wasiwasi, lakini sikuwa nao. Nilikula vizuri na kulala vizuri. Mwisho wa wiki niliandika habari ya kikundi kipya cha taarabu, na nadhani sijawahi kuandika kwa wepesi kama siku ile.

Ilipita miezi kadhaa kabla sijapata habari. Baharia mmoja wa Mutsamudu, aliyekuja kwa mashua iliyozungukia Mwali, alinikuta ofisini. Nilimjua tangu utotoni. Hakukaa.

"Gazeti lako lilifika kwa mashua," akasema. "Moja tu lilitosha."

"Dada yangu mzima?"

"Mzima. Anapumua. Jirani yenu wa mbele, yule wa bendera, unamkumbuka mwanawe wa mwisho?"

"Namkumbuka."

"Siku wanajeshi waliposhuka, alipanda paani kuishusha ile bendera ili nyumba isilengwe. Risasi ikampata pale pale, ameshika mlingoti. Haijulikani ya nani."

Niliketi. Yeye alibaki amesimama.

"Sasa fikiria," akasema, "wamemzika kijana, arobaini haijaisha, inakuja karatasi kutoka Moroni ina mtu yuko paani ameshika antena, bendera juu yake, anasema atafia hapo hapo. Na pembeni kaa wa shemeji yako."

Kwetu mtu akiukosea mtaa hapigwi. Anatengwa. Salamu yake haijibiwi. Haombwi chumvi wala haazimwi ungo. Akipita kwenye baraza, mazungumzo yanakatika mpaka apite. Akiwa na harusi, hakuna anayekuja. Akiwa na maiti, hakuna anayebeba. Mtu wa miji mingine anaweza kudhani ni adhabu ndogo. Lakini katika vichochoro vile, ambapo unasikia kikohozi cha jirani na kumtakia afya kupitia ukutani, kutengwa ni kufukiwa ukiwa na macho wazi. Na adhabu haimwangukii mwanamume peke yake. Inaiangukia nyumba, na nyumba ilikuwa ya dada yangu.

Posa ya mpwa wangu ilikuwa imerudishwa. Upande wa bwana harusi walisema hawana ugomvi na binti, ila hawana wa kuwasindikiza. Chumba cha juu kilibaki bila chokaa.

"Shemeji amesemaje?" nikamuuliza baharia.

"Wazee walimwita. Wakamwonyesha karatasi. Hajakutaja. Ila amenituma nikwambie: 'Mwambie mjomba wa watoto aje mwenyewe.' Basi, hayo tu."

Nilielewa vizuri alichotaka. Kwa desturi yetu dawa ya kutengwa ni ungamo la mkosaji mwenyewe. Mwenye kosa husimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya aliyemkosea, akasema kosa lake kwa ulimi wake. Barua haitoshi, na mtu mwingine hawezi kumsemea. Shemeji akinitaja yeye, angeonekana anamtupia mzigo ndugu wa mkewe, na aibu ingebaki ndani ya nyumba ile ile. Ilikuwa lazima nitoke mimi.

Nilijiambia kwamba njia zimefungwa. Ni kweli zilikuwa zimefungwa, lakini baharia alikuwa amefika, na angerudi na mimi. Nilijiambia kwamba Moroni nikisema nakwenda Nzwani kuomba radhi, nitaitwa msaliti. Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikuwa na sababu nyingi za kweli. Nilizitumia karibu mwaka mzima, huku nikiendelea kuandika ukurasa wa sita: nani ametoa kaseti, nani ameacha kikundi, filamu gani imefika ikiwa nzima. Chini ya ukurasa, palipokuwa na katuni, tukaweka tangazo la duka la viatu.

Nilikwenda meli ziliporudi. Nilishuka Mutsamudu asubuhi ya Ijumaa na kupanda vichochoro mpaka mlango wa mama yangu.

"Hodi."

"Hodi nani?"

"Mimi, dada."

Kisha akauliza kwa Kiswahili cha baba yetu, mlango ukiwa bado umefungwa, "Umekula?"

"Sijala."

"Sisi tunakula. Usidhani hatuli. Chakula hakijawahi kuwa shida." Akafungua nusu ya mlango. Alikuwa amekonda. "Mara tatu wazee wamemkalisha mume wangu. 'Maneno haya ni yako?' Anawajibu, 'Picha ni yangu.' 'Na maneno?' 'Picha ni yangu.' Kama kasuku."

"Namshukuru sana."

"Usimshukuru. Mtoe hapo alipo. Leo Ijumaa. Ukimaliza kusali, simama, useme ni wewe. Ulikuwa wa kwanza darasani, sentensi moja haikushindi."

Shemeji alitokea nyuma yake, amevaa kanzu tayari kwa sala. Alinipa mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, shemeji. Dada yako anasema sentensi moja kama kwamba ni jambo dogo. Hata mimi ningetetemeka." Hakuniuliza kwa nini niliandika vile. Nilijiandaa kwa swali hilo njia nzima baharini, nikawa na majibu matatu, na yeye hakuniuliza. Mpwa wangu alinitengea mkate na chai. Kwenye kona niliona karatasi za shehena zimepangwa vizuri, zote tupu upande wa nyuma.

Dada yangu alinisindikiza mpaka kizingitini. "Nikisikia vikombe vya jirani vikija kwetu kwa kahawa leo jioni," akasema, "nitajua umesema."

Tulikwenda msikitini mimi na shemeji. Watu walinisalimia mimi, mgeni wa safari. Yeye walimruka kama nguzo. Yule jirani alikuwa safu ya mbele. Nilimkumbuka mtu mpana mwenye sauti kubwa. Niliyemwona alikuwa mzee mdogo aliyesaidiwa kukaa. Hotuba ilikwisha, tukasali, tukatoa salamu kulia na kushoto. Imamu alinyamaza kidogo, kama afanyavyo akijua kuna mtu ana neno. Nadhani shemeji alikuwa amemdokeza. Hakugeuka kunitazama. Alitazama magoti yake.

Nilikuwa na sentensi yangu kichwani. "Maneno yale niliyaandika mimi, na shemeji yangu hakuyajua." Maneno machache tu, bila hata moja gumu. Nilitazama kisogo cha yule mzee, nikamwona kijana wake ameshika mlingoti, nikaona nyuso zote zikinigeukia, na nikabaki nimekaa. Hakuna aliyenizuia, wala sikuumwa. Niliogopa aibu, na sina neno jingine la kuliongezea hilo. Imamu akaanza dua. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia.

Tulipotoka, shemeji alinishika mkono akasema taratibu, "Twende nyumbani ukale, shemeji. Labda Ijumaa ijayo." Nilimwambia atangulie, nina salamu ya mtu bandarini. Alinitazama kidogo, akaitika, akaenda. Meli iliyonileta ilikuwa ikirudi Moroni alasiri ile. Nilipanda. Sikurudi nyumbani kuaga. Dada yangu alikaa dirishani akisikiliza vikombe. Nalijua hilo kwa sababu baharia aliniambia baadaye, ingawa sikumuuliza.

Nyumba ilitengwa miaka mitatu mingine. Iliokolewa na yule jirani mwenyewe. Siku moja, akiwa amekaribia mwisho wake, alivuka kichochoro akiwa ameshikiliwa, akaingia bila hodi, akaomba kahawa, akainywa mbele ya mlango uliokuwa wazi ili wote waone. Hakudai kujua nani aliandika. Mtaa ukarudi baada ya kahawa ile. Shemeji hakuchora tena. Gazeti letu lilikufa muda mfupi baadaye kwa kukosa karatasi, na Fundi akarudi kufundisha Kurani. Kwa muda mrefu nilikuwa na mazoea ya kumlaumu Fundi. Lakini Fundi aliomba tu. Mimi ndiye niliyejua barua ile ilisema "usimwambie mtu," na mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Nilimwandikia dada yangu mara nyingi. Hakujibu. Mpwa wangu aliolewa na mtu mwingine, katika chumba kilichopakwa chokaa na mikono ya majirani, na nafasi ya mjomba, anayesimama na kumtoa binti wa dada yake, ilijazwa na binamu wa mama yetu. Mimi nilisoma habari ya harusi ile mahali nilipozoea kusoma habari za harusi, kwenye umbeya wa taarabu.

Dada yangu aliugua na kufariki Mutsamudu. Mpwa wangu alinipigia simu siku ya tatu. Nilimuuliza kwa nini hawakuniita mapema, meli zipo, ndege ipo. Akasema, "Mjomba, mama aliagiza tukwambie baada ya maziko." Sauti yake haikuwa na hasira. Aliniuliza kama nina afya, nikasema ninayo.

Kukubali kwangu mezani kwa Fundi kulinigharimu dada yangu, ndugu pekee niliyekuwa naye. Aliishi miaka kumi na minne baada ya Ijumaa ile na hakunisemesha tena hata neno moja. Alizikwa na mtaa mzima, na mimi sikushika jeneza lake wala sikutia udongo kaburini mwake.